Wasichana 13, mpira mmoja: kwa nini timu ya softiboli huhesabiwa kwa warushaji

Mama mmoja Mtanzania, jirani yetu hapa Marekani, alinipigia simu mwezi Agosti akiwa na furaha na hasira kwa pamoja. Furaha ni kwamba binti yake wa miaka 12 alikuwa amepita majaribio ya timu ya softiboli. Hasira ni kwamba kocha alisajili wasichana 13 ilhali wanaoingia uwanjani ni tisa, na binti kaambiwa atakuwa mrushaji wa tatu. "Yaani nilipe maelfu ya dola mwanangu awe wa tatu?" akaniuliza. "Hii si biashara?"

Biashara imo, tutaifikia. Ila swali lake nimelisikia kwa wazazi wengi tuliokulia kwenye soka na netiboli. Mchezo huu tumeukuta ukubwani, kwa kuburutwa na watoto wetu, na hesabu zake hazifanani na tulizozizoea. Kwenye soka ukiwa na watu 18 unajua wa akiba ni wa akiba. Huku mtu anaweza kuitwa wa tatu na bado timu isiende popote bila yeye.

Tuanze na maneno. Softiboli ni binamu wa besiboli. Kama ulicheza raundasi shule ya msingi, picha unayo: mmoja anarusha, mwingine anapiga kwa gongo, kisha anakimbia kuzunguka vituo mpaka arudi nyumbani apate pointi. Mrushaji wa softiboli hurusha kutoka chini, mkono ukizunguka duara zima kama pangaboi, kisha anauachia mpira usawa wa nyonga. Nyuma ya mpigaji anachuchumaa mdakaji. Upande mmoja ukishatolewa wapigaji watatu, timu zinabadilishana, na zote mbili zikishapiga tunasema mzunguko mmoja umeisha. Mchezo kamili ni mizunguko saba.

Softiboli ya kusafiri ni ile ya klabu, nje ya shule, inayolipiwa na wazazi. Wikendi hii mko mji huu, wikendi ijayo mko mji mwingine kwenye bonanza. Timu hugawanywa kwa umri: 10U ni wa miaka 10 kushuka, kisha 12U, 14U, mpaka 18U. Na tukisema akiba ya warushaji, tunamaanisha idadi ya wasichana wanaoweza kusimama pale katikati na kurusha mizunguko ya maana bila mchezo kuharibika. Nimesema wanaoweza. Wanaopenda ni wengi zaidi, na wanaolipiwa masomo ya kurusha na wazazi wao ni wengi kuliko hao.

Sasa fikiria basi la kutoka Dar es Salaam kwenda Bukoba. Safari ile haiendi na dereva mmoja. Wanakuwa wawili, wanapokezana. Mwenye basi akiamua kuajiri makonda watano na dereva mmoja, atakuwa na wafanyakazi sita, lakini ikifika usiku macho yanayofumba ni ya yule yule mmoja. Makonda hawampunguzii dereva usingizi hata kidogo. Timu ya wasichana 15 yenye mrushaji mmoja ndiyo basi hilo.

Hebu tupige hesabu ya bonanza la kawaida. Jumamosi huwa na mechi mbili au tatu za makundi, za kupanga nani atakutana na nani. Jumapili ni mtoano. Timu inayoshinda inaweza kucheza mechi tano ndani ya siku mbili, wakati mwingine zaidi. Viwanja ni vichache na timu ni nyingi, kwa hiyo mechi huwekewa saa na mara nyingi haifiki mizunguko saba. Tuseme mitano. Mechi tano kwa mizunguko mitano ni mizunguko 25. Kwa watoto wa miaka 12, tukikadiria mirusho 16 kwa mzunguko hatujamwonea mtu. Ishirini na tano mara kumi na sita: mirusho 400. Hapo sijahesabu ile ya kupasha mwili moto kabla ya mechi, ambayo mkono unaihesabu hata kama kocha haihesabu.

Kampeni ya STOP Sports Injuries, iliyoanzishwa na madaktari wa Marekani wa majeraha ya michezo, inashauri kwamba msichana wa umri wa miaka 10 hadi 12 asizidishe mirusho 65 kwa mechi wala 95 kwa siku, kwa siku mbili mfululizo. Siku ya tatu asirushe kabisa. Kwa ushauri huo, mtoto mmoja ana mirusho 190 ya wikendi nzima. Wawili wana 380, na wikendi inataka 400. Warushaji wawili hawatoshi hata wakiwa wazima wa afya, wamelala vizuri na hakuna mwenye mafua. Na bonanza likianza Ijumaa jioni, Jumapili ndiyo hiyo siku ya tatu.

Nilimsomea yule mama hesabu hii kwenye simu akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kwa hiyo wa tatu si wa akiba?" Si wa akiba. Hesabu haifungi bila yeye, na wa nne ndiye anayemfanya kocha alale.

Ushauri wa madaktari, hata hivyo, si sheria. Besiboli ya watoto imetangulia. Little League, shirika la Marekani la besiboli ya watoto, ilianza kuweka ukomo wa mirusho kwa mechi za besiboli mwaka 2007. Softiboli ya kusafiri kwa sehemu kubwa imeachiwa busara ya kocha, na busara ya kocha saa kumi alasiri siku ya Jumapili, timu ikiwa nusu fainali na wazazi wamesimama kwenye uzio, ni bidhaa adimu.

Hapa ndipo hutajwa imani inayokaidi kuliko zote: kwamba kurusha kutoka chini ni mwendo wa asili, mkono hauchoki, kwa hiyo msichana anaweza kurusha siku nzima. Nimewahi kuisikia kwa mtu aliyevaa fulana iliyoandikwa "kocha". Mwaka 1998 mtafiti Barrentine na wenzake walipima mirusho ya aina hii kwa kamera na vipimo vya nguvu, wakakuta mzigo unaolielemea bega na kiwiko unakaribia uzito wa mwili wa mrushaji mwenyewe. Ni mzigo wa kulinganishwa na ule wa besiboli, umetua mahali pengine tu. Wasichana hawa mara nyingi hulalamikia sehemu ya mbele ya bega. Mtoto akikuonyesha pale kwa kidole na kusema panauma, hiyo si "uchovu wa kawaida" mpaka daktari aseme hivyo.

Wanaotetea mrushaji mmoja wana mfano wao wa kupenda, na ni mfano mzuri kweli. Tarehe 20 Agosti 2008, Olimpiki ya Beijing, Yukiko Ueno wa Japani alirusha mara 147 dhidi ya Marekani, Japani wakafungwa. Siku hiyo hiyo akarudi uwanjani dhidi ya Australia, mchezo ukaenda mizunguko 12, akarusha 171 wakashinda. Kesho yake fainali, Marekani tena, akarusha 95 na Japani ikatwaa dhahabu kwa 3–1. Jumla 413 ndani ya siku mbili. Wajapani wanaikumbuka namba hiyo mpaka leo.

Sasa iweke pembeni ya ile yetu ya 400. Ueno alikuwa mwanamke wa miaka 26, mchezaji wa timu ya taifa, anasaka medali inayokuja mara moja kwa miaka minne. Kocha wa 12U mwenye mrushaji mmoja anamdai mtoto wa darasa la sita karibu mirusho ile ile kwa ajili ya kikombe cha plastiki, na wiki mbili baadaye anamdai tena. Ushujaa wa Ueno ulikumbukwa kwa sababu haukuwa wa kila wikendi.

Na wanaomtaja Ueno wa 2008 huishia hapo, wakati hadithi inaendelea. Tarehe 27 Julai 2021, fainali ya Olimpiki ya Tokyo, ni yeye tena, sasa ana miaka 39, na mpinzani ni yule yule Marekani. Safari hii Japani ilikuwa na Miu Goto, msichana wa miaka 20. Mzunguko wa sita, mambo yalipoanza kuwa magumu, Ueno akampisha Goto. Mzunguko wa mwisho Ueno akarudi kumalizia. Japani 2, Marekani 0. Hilo liliwezekana kwa sababu sheria za softiboli humruhusu aliyeanza mchezo kutoka na kurudi mara moja, jambo linalowashangaza sana watu wa soka. Kumtoa mrushaji wako bora si kumtupa. Unaweza kumpumzisha akarudi.

Kwa wasiotaka mifano ya zamani, ipo ya majuzi. Mwaka 2025, fainali za vyuo vikuu kule Oklahoma City, Chuo Kikuu cha Texas Tech walikuwa na NiJaree Canady, mrushaji aliyesainiwa mwaka mmoja nyuma kwa zaidi ya dola milioni moja. Alirusha kila mrusho wa timu yake katika mashindano hayo hadi mchezo wa tatu na wa mwisho wa fainali, tarehe 6 Juni. Mzunguko wa kwanza wapinzani wao, Chuo Kikuu cha Texas, wakampiga pointi tano. Akatolewa, na Texas wakabeba ubingwa kwa 10–4. Mimi siamini kwamba tatizo lilikuwa mkono peke yake. Wapigaji wa Texas walikuwa wamemsoma: ukimwona mtu mmoja mara nyingi mno, jicho lako linazoea mwendo wa mpira wake. Ndiyo sababu mrushaji wa pili ana faida hata akiwa na kasi ndogo kuliko wa kwanza. Mpigaji aliyejifunza kuwahi mpira wa kasi, ghafla analetewa wa taratibu unaodondoka, anapiga hewa.

Basi, kama warushaji ni dhahabu, kwa nini kocha asisajili wasichana 20, nusu yao warushaji, mambo yakaisha? Hapa sasa tunaingia kwenye biashara.

Tuseme timu inahitaji dola 24,000 kwa mwaka: ada za mabonanza, sare, mipira, uwanja wa mazoezi, ukumbi wa ndani wakati wa baridi. Ukigawa kwa wasichana 10, kila familia ni dola 2,400. Kwa 12 ni 2,000. Kwa 15 ni 1,600. Unaona kishawishi kilipo: kila jina linaloongezwa linapunguza mzigo wa wengine, na kocha anayetaka kumfurahisha kila mzazi mwezi Agosti huongeza jina. Tatizo hufika mwezi Aprili. Mizunguko yetu 25 kwa nafasi tisa ni nafasi 225 za kucheza kwa wikendi. Wasichana 10 wakigawana sawa, kila mmoja ana kama 22. Wakiwa 12, ni karibu 19. Wakiwa 15, ni 15, yaani kila mtoto anakaa nje mizunguko 10 kati ya 25. Mzazi aliyefurahia punguzo la dola 400 sasa anaendesha gari mwendo wa saa nne kwenda kutazama mgongo wa mwanawe benchini.

Katika mechi za makundi, timu nyingi hupigisha wasichana wote kwa zamu, hata walio nje ya ulinzi, na hilo hupoza machungu. Jumapili kwenye mtoano upole huo huisha.

Ufumbuzi hauko kwenye kuongeza vichwa. Turudi kwenye basi letu: dereva wa pili, wakati haendeshi, anaweza kukata tiketi. Mrushaji wa pili na wa tatu wanatakiwa wawe wachezaji wa nafasi nyingine pia, kituo cha kwanza, cha tatu, au kule nje mbali. Timu ya wasichana 12 yenye warushaji wanne wanaocheza na nafasi nyingine ina nguvu kuliko ya 15 yenye warushaji wawili, na watoto wake wanacheza zaidi. Wasichana 13 wa yule mama, wanne wakiwa warushaji, ni hesabu ninayoweza kuishi nayo, ingawa ningekuwa kocha ningeishia 12. Ukiwa na 10 au 11 pia kuna hatari yake: mmoja akivunjika kidole na mwingine ana harusi ya shangazi, umebaki na tisa, na joto la Julai la Texas halina huruma na mtu asiyepumzishwa.

Watu pia husahau mdakaji. Kila mrusho niliouhesabu hapo juu una mtu aliyechuchumaa kuupokea, amevaa kinga za kifua na magoti na kofia ngumu. Mirusho 400 ni mara 400 za magoti yake. Timu yenye warushaji wanne na mdakaji mmoja imehamisha tatizo tu.

Umri nao hubadilisha hesabu. Kwenye 10U mrushaji yuko umbali wa futi 35, na mipira mingi haipiti panapotakiwa. Mzunguko mmoja unaweza kumeza mirusho 30 bila mpigaji kupiga hata mmoja. Huko ningependa kuona wasichana watano wakijifunza, kwa sababu hakuna anayejua nani atakuwa mrushaji akifika sekondari. Kwenye 12U umbali ni futi 40 na mpira unakuwa mkubwa zaidi. Kwenye 14U unafika futi 43, umbali ule ule wa vyuo vikuu na Olimpiki. Hizo futi tatu za mwisho huonekana kama si kitu, lakini ndipo wengi waliokuwa malkia wa 12U hupotea, mipira yao ikidondoka kabla ya kufika, huku msichana mrefu aliyekuwa wa nne akianza kutisha. Kocha aliyemtegemea msichana mmoja tangu ana miaka 10 hugundua msichana huyo akifika miaka 14 kwamba hakulea mwingine.

Kwa 16U na 18U orodha hurefuka hadi 14 au 15, na hapo nakubali. Wasichana wana mitihani, kazi za kiangazi, kambi za vyuo. Makocha wa vyuo vikuu wanaruhusiwa kuanza kuwasiliana nao tarehe 1 Septemba ya darasa la 11, na kuanzia hapo wikendi zao si zao tena. Kwenye ngazi hizi utakuta hata msichana anayerusha tu, hapigi wala halindi nafasi nyingine.

Nifafanue pia jambo moja linalochanganywa siku hizi. Kuna wazazi wamesikia kwamba "sheria mpya" imeweka ukomo wa wachezaji 25. Huo ni wa softiboli ya vyuo vikuu vya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vikuu Marekani, vilivyojiunga na makubaliano ya kesi ya kuwalipa wanamichezo, kuanzia msimu wa 2025–26. Timu ya mwanao wa miaka 12 haihusiki nao.

Halafu kuna mrushaji wa kuazima. Kocha akiona Jumapili itamshinda, anampigia simu msichana wa klabu nyingine aje kurusha wikendi moja. Mara nyingi sheria za mashindano huruhusu, na mtu akiumia ghafla sina neno. Ila kocha anayeazima kila mwezi anamwambia mrushaji wake wa tatu kitu ambacho mtoto wa miaka 12 anakisikia vizuri sana. Baada ya mara ya tatu, mtoto haombi tena mpira.

Kwa hiyo nilimwambia yule mama asiulize kocha kwa nini wako 13. Aulize ni wangapi kati yao watarusha, na si kwenye mazoezi bali kwenye mechi. Aulize nani anahesabu mirusho na kwa nini asiwe mzazi mwenye kihesabio cha mkononi badala ya kocha mwenyewe. Aulize wadakaji ni wangapi, na mwezi wa nne kocha atakapotaka kuongeza mtu atawaambia wazazi kwanza au watamwona tu kavaa sare. Na aulize mrushaji wa tatu anarusha lini.

Alimuuliza. Kocha akamjibu kwamba wa tatu anaanza mechi ya kwanza ya Jumamosi, saa mbili asubuhi, ili wale wawili wabaki wazima kwa Jumapili, na kwamba atamwacha pale hata akifungwa pointi tatu za mwanzo. Nikamwambia huyo kocha anajua anachofanya. Mama akasema sawa, ameelewa, lakini saa mbili asubuhi na uwanja uko mwendo wa saa mbili, ina maana aamke saa kumi alfajiri kupika chai. Hilo sikuwa na hesabu ya kumsaidia.